Tuna gemu 31 na saa 24 za kurusha laivu: tuchague zipi?

SWALI: Shikamoo kaka. Sisi ni vijana watano, tuna kibanda cha gemu Ngamiani hapa Tanga. Vifaa tulivyonavyo ni PS4 mbili, PS2 moja ya zamani, kompyuta mpakato moja na simu zetu. Tunataka kucheza saa 24 mfululizo, turushe laivu YouTube, watu wachangie madawati ya shule ya msingi ya mtaani kwetu. Tumeorodhesha gemu 31 na kila mmoja anang'ang'ania zake. Tuchague zipi, na tuziandae vipi zisitutie aibu? Na je, tuazime PS3 ya jirani? Halafu kuna pedi moja kijiti chake kinavuta kushoto chenyewe. Tuitupe?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Orodha yenu nimeisoma mara mbili. Imeandikwa na watu watano ambao kila mmoja amejiona ameshika pedi. Hakuna aliyejiona amekaa kwenye benchi. Hebu kumbuka kibanda chenu baada ya Alasiri. Wanaocheza wawili, waliobanana nyuma yao wanane, na kelele zote zinatoka kwa hao wanane. Laivu ni hilo hilo benchi, limerefushwa tu mpaka Dar, Mombasa na Maskati. Chagueni gemu zinazowafaa wanane, hata kama wawili watanuna.

Kipimo changu mimi ni muuza kahawa. Nimekitumia tangu nilipoanza kurusha laivu harusi na bonanza za mtaani, na hakijanidanganya bado. Muuza kahawa anapita na birika lake, anagonganisha vikombe, anasimama mlangoni pa kibanda. Amemimina vikombe viwili. Katika muda huo mfupi anauliza, "Nani anafungwa?" Kama mnaweza kumjibu kwa neno moja naye akaelewa, akabaki amesimama hata baada ya kulipwa, gemu hiyo inafaa. Tekken, ile ya kupigana, anaelewa: kuna mistari miwili juu, mmoja unaisha. Mpira anaujua kuliko ninyi. Mbio za magari, anaelewa. Lakini gemu ambayo mtu kalala majanini dakika 20 anamvizia adui, hajafyatua hata risasi moja, hiyo mpaka mmalize kumweleza kahawa imepoa.

Kwa kipimo hicho peke yake nimefuta 14 kati ya 31. Najua zile za kuvizia ndizo mnazozipenda. Chezeni siku nyingine.

Na usidhani gemu nyepesi ndiyo haina msisimko. Tetris ilitengenezwa mwaka 1984, ni matofali yanaanguka tu, basi. Mwaka 2023 kijana wa miaka 13 wa Marekani aliicheza ile ya zamani ya Nintendo mpaka gemu yenyewe ikaganda, ikashindwa kuendelea, jambo ambalo hakuna binadamu aliyekuwa amelifikia kabla yake. Video ile ilizunguka dunia nzima, na bibi yangu asiyejua pedi ni nini angeifuata bila kuuliza swali.

Sasa kuna mchujo wa pili ambao wengi hawaufikirii. Watu wenu watatazama kwenye simu, kwa bando, na wengi watashusha ubora wa picha ili bando lisiishe. Kwa hiyo gemu zote za maandishi madogo, ramani ndogo pembeni na namba 12 kwenye kila kona, ondoeni. Chukua simu, weka video ya gemu hiyo kwa ubora wa 240, ishike kwa urefu wa mkono. Usichokisoma wewe, hakuna atakayekisoma.

Kuna na suala la majani. Video ya laivu haitumi picha nzima kila mara. Kwa sehemu kubwa inatuma kile kilichobadilika tangu picha iliyopita. Ukuta uliotulia hautumii kitu. Majani yanayotikisika, mvua, vumbi la mlipuko, karatasi zinazomwagwa uwanjani baada ya kombe, hivyo vyote vinabadilika kila nukta kwa wakati mmoja, na kasi yenu ya intaneti haitoshi kuvibeba. Matokeo yake picha inageuka vigae. Gemu za michoro bapa yenye rangi kolevu, kama Rayman Legends, zinastahimili intaneti dhaifu vizuri sana. Gemu za msituni zenye ukungu zinakufa kwanza. Nimekufutia nyingine 5 hapo, zikabaki 12.

Mpira nao una shida hii, kwa sababu kamera inakimbia juu ya nyasi muda wote na mpira wenyewe ni kidoti cheupe. Usiufute, bila mpira hapa Tanga hamna mtazamaji. Ingieni kwenye mipangilio ya kamera, ishusheni na kuisogeza karibu kuliko mnavyopenda. Wachezaji wenu watalalamika kwamba hawaoni winga wa upande wa pili. Waacheni walalamike. Yule wa Makorora aliyelala chali na simu yake lazima auone mpira.

Muziki. Hapa nitakwambia yaliyonikuta, maana ni uzembe wangu mwenyewe. Bonanza la kwanza la gemu nililorusha, tulisimama kula pilau tukaiacha gemu ya mpira kwenye ukurasa wake wa mwanzo, zile nyimbo zake zikipiga. Dakika 40. Ukurasa wa mwanzo wa gemu za mpira huwa na nyimbo za wasanii wakubwa, nyimbo zenye wenyewe, na mitambo inazitambua ndani ya sekunde chache. Kesho yake rekodi nzima ilikuwa imezimwa sauti, na maneno ya mwalimu mkuu aliyekuja kutushukuru yakapotea nayo. Kwa hiyo kila gemu inayobaki kwenye orodha, fungueni mipangilio ya sauti, shusheni muziki mpaka sifuri, acheni sauti za mchezo na za mashabiki. Gemu zenye redio ndani ya gari, mfano GTA San Andreas mliyoiandika namba 3, zinaanguka hapa, ukiacha matusi yake, na mnachangisha kwa ajili ya shule. Mortal Kombat, ile ya kupigana yenye damu nyingi, pia naiondoa. Watoto wa shule yenyewe watakuwa mbele ya hiyo skrini, na mama zao pia.

Zimebaki 10. Ni nyingi bado, lakini tuendelee, nyingine zitaanguka zenyewe kwenye saa.

Mambo haya ya kucheza gemu laivu kwa ajili ya mchango wenzetu wameyafanya siku nyingi, na kuna mawili ya kuazima kwao. La kwanza ni la kundi la wachezaji wa gemu liitwalo Games Done Quick. Walianza Januari 2010 Maryland, Marekani, ndani ya nyumba ya mama wa mmoja wao, chini kwenye chumba cha ardhini, kwa sababu intaneti ya ukumbi waliotaka kuutumia ilishindwa kazi. Mara ile ya kwanza walipata zaidi ya dola 10,000. Leo jumla yao imepita dola milioni 50. Wao hushindana kumaliza gemu haraka, lakini wanachonifurahisha mimi ni jinsi wanavyomfanya mtazamaji aamue kinachotokea ndani ya gemu. Wana gemu ya mwaka 1994 iitwayo Super Metroid. Mwishoni sayari inalipuka, na mchezaji anaweza kukimbia moja kwa moja, au apoteze sekunde kadhaa kuwaokoa wanyama fulani waliomsaidia njiani. Basi watazamaji wanagawanyika: hawa wanachanga wanyama waokolewe, hawa wanachanga waachwe wafe. Fedha inayomwagika kwenye ugomvi huo wa wanyama wa katuni utashangaa.

Ninyi hamhitaji wanyama. Mna Coastal Union na African Sports. Tanga hii, mtu aliyemwona Coastal akichukua ubingwa wa ligi mwaka 1988 bado anausimulia kama ulikuwa jana, na jirani yake wa Sports bado hataki kuusikia. PES, ile gemu ya mpira, ina sehemu ya kuhariri timu: jina, jezi, wachezaji, kila kitu. Andaeni timu hizo mbili mapema, kila mchezaji apewe jina la utani la mtu wa kibandani. Halafu tangazeni kwamba mechi kuu ni ya usiku, na michango ndiyo itakayoamua nani aanze na nahodha majeruhi, nani acheze kipindi cha pili akiwa na watu 10, nani ashike pedi kwa mkono wa kushoto. Mashabiki wa timu mbili hizi wakishaanza kutambiana, kazi yenu itabaki kusoma miamala tu. Hilo la kuhariri lifanyeni wiki mbili kabla, linakula muda. Mkimaliza nakilini faili kwenye flashi, na kama ni PES ya PS2, kwenye kadi ya kumbukumbu ya pili. Kadi zile ni za MB 8 tu na nyingi zimeshazeeka. Nimeona timu nzima ikipotea kwa kuchomoa kadi mashine ikiwa bado inaandika.

Tahadhari moja kwenye michango hiyo: mtu achange kubadilisha mchezo, asichange kutabiri mshindi ili arudishiwe fedha. Hiyo tayari ni kamari, ina sheria zake na bodi yake, na nusu ya benchi lenu hawajafika miaka 18.

La pili la kuazima ni la usiku wa manane. Kuna gemu iitwayo Desert Bus, ilitengenezwa miaka ya 1990 kama mzaha na haikuwahi kuingia dukani. Unaendesha basi kutoka Tucson hadi Las Vegas kwa saa 8 za kweli. Barabara imenyooka. Hakuna abiria, hakuna gari lingine. Huwezi kufunga usukani ukaenda zako, kwa sababu basi linavuta kulia kidogo kidogo, ukiliacha linatoka barabarani na unavutwa mpaka ulikoanzia. Ukifika unapata pointi moja. Tangu mwaka 2007 kuna watu Kanada wanaicheza kila mwaka laivu kuchangia hospitali za watoto. Kadiri watu wanavyochanga ndivyo saa za kuendesha zinavyoongezeka, na kila saa mpya ni ghali kuliko iliyopita. Gemu yenyewe haina raha hata chembe. Watu wanatazama wale jamaa wanavyoteseka, wanavyoimba, wanavyopiga soga.

Saa 7 usiku hadi saa 10 alfajiri wanaowatazama ni wachache: walinzi, wauguzi wa zamu, wenye watoto wachanga, na ndugu zetu walio mbali. Hao hawataki kelele, wanataka mtu wa kukaa naye macho. Wawekeeni gemu ya basi. Bus Simulator Indonesia inachezwa kwenye simu ya kawaida na inakuruhusu kulipaka basi rangi utakazo. Chora basi la Tanga, liandike ubavuni maneno yenu, mmoja aendeshe, mwingine awe konda. Konda aite vituo vya njia yetu kama vile ni kweli: Pongwe, Muheza, Hale, Segera, kushuka huko mpaka Chalinze. Mchango wa 500 unapiga honi. Wa 2,000 unamtaja mtu kuwa abiria na konda anamdai nauli. Nakuhakikishia atakayecheka peke yake kitandani saa 9 usiku ndiye atakayewatangaza kesho yake. Kuipeleka skrini ya simu kwenye kompyuta mna programu ya bure iitwayo scrcpy, inataka waya wa USB na kibali kimoja kwenye mipangilio ya simu. Jaribuni mapema, na simu hiyo iwe haina laini ndani, isije mama mtu akapiga katikati ya Segera.

Mkitaka na kitu cha alfajiri kabisa, msitumie gemu. Chukua simu moja, ining'inize juu ya ubao wa bao, waketisheni wazee wawili na kahawa yao. Sauti ya kete na maneno ya wazee yatapita yenyewe, ninyi mnapiga mswaki.

Sasa ratiba. Hapa ndipo marathoni nyingi zinapovunjika, kwa sababu watu huandika muda wa gemu wanaoutamani. Mechi ya dakika 6 kila kipindi haiishi dakika 12. Kuna marudio, kuna mapumziko, kuna kubishana kuhusu penalti. Chezeni kila gemu mara 3 mkiwa na saa ya simu mezani, tena chezeni huku mnaongea kama mtakavyoongea siku yenyewe. Chukueni muda mrefu kuliko yote mitatu, ndio muandike. Kisha ongezeni dakika 10 za kubadilisha gemu. PS4 zenu mbili ni neema: moja ikiwa hewani, ya pili inapakia gemu inayofuata na mtu wake anaijaribu sauti. PS2 isiwe katikati ya mbili hizo hata siku moja, iwekeni baada ya mapumziko marefu, maana waya zake ni tofauti na lazima mtu ainame nyuma ya runinga.

Mapumziko marefu msiyabuni. Yapo matano tayari, ni nyakati za swala. Adhana ikianza maikrofoni inazimwa, skrini ya mapumziko inapanda ikiwa na hesabu ya madawati yaliyopatikana, watu wanaswali, wanakula, wanakwenda msalani, mashine zinapoa. Kibanda chenye adhana kwa nyuma na mtu anafoka "piga huyo!" kitawaletea simu kutoka kwa wazee wa mtaa ndani ya dakika 5.

Na kwenye tangazo andikeni saa kwa maneno. Mwaka mmoja niliandika kwenye bango "saa 3 usiku", na mwenzangu akaingiza kwenye mtambo 3:00 badala ya 21:00. Laivu ikajitangaza kwa watu wa nje kuwa ni saa 9 alfajiri. Shangazi yangu aliye Maskati, wao wako mbele yetu kwa saa moja, aliamka usiku ule akakuta giza, na mpaka leo ananikumbusha. Andikeni: "saa 3 usiku, saa za Afrika Mashariki, 21:00". Ni maneno mengi, sawa, ila hakuna wa kuwalaumu.

Saa 24 zenyewe, je? Mimi ningezikata vipande vitatu vya saa 8, kila kimoja laivu yake. Sababu ni ya kiufundi: laivu inayozidi saa 12 YouTube haiihifadhi yenyewe, na hiyo mechi ya Coastal na Sports watu watataka kuirudia mwezi mzima. Kama akaunti yenu haijawahi kurusha laivu, ithibitisheni kwa namba ya simu sasa hivi. Kufunguliwa huduma hiyo mara ya kwanza kunaweza kuchukua hadi saa 24, na nimeshaona watu wakigundua hilo dakika 10 kabla ya kuanza. Asubuhi ile sitaki kuikumbuka.

Mtu mmoja asicheze saa 24. Sikutishi, lakini mwaka 2017 huko Virginia, Marekani, baba mmoja alifariki akiwa kwenye marathoni kama hii ya kuchangia watoto wagonjwa, ikiwa imefika karibu saa 22. Mko watano. Zamu za saa 4, anayelala akalale nyumbani, si chini ya meza ya kibanda.

Kuziandaa gemu zenyewe sasa, kwa waya na vitufe. PS4 inaweza kurusha laivu yenyewe kwa kitufe cha Share, na kama hamna kifaa kingine anzeni hapo. Lakini mkitaka kuonyesha hesabu ya michango na nyuso zenu, mtahitaji kifaa cha kunasa picha kati ya PS4 na kompyuta, na programu ya OBS Studio, ya kuunganisha picha zote hizo na kuzirusha, ambayo ni bure. Mkishaunganisha mtaona skrini nyeusi, mtadhani kifaa ni kibovu, mtarudi dukani kugombana. Si kibovu. PS4 ina kinga iitwayo HDCP inayozuia kunakiliwa kwa picha. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya mfumo, izime. Nakwambia hili kwa sababu mliuliza pia kama muazime PS3 ya jirani: kwenye PS3 kinga hiyo haizimiki kwa HDMI, lazima waya za zamani za rangi. Msiazime. PS2 haina shida hiyo, waya zake za njano, nyeupe na nyekundu zinaingia kwenye kifaa cha bei ndogo, ila picha yake ni ya umbo la karibu mraba. Msiinyooshe ijaze skrini, wachezaji watakuwa wanene kama vitumbua. Iacheni katikati, kwenye nafasi za pembeni wekeni majina ya waliochanga.

Siku mbili kabla, washeni kila gemu na kuiacha ijisasishe mpaka mwisho. Gemu za siku hizi huweza kudai GB kadhaa za marekebisho dakika ile ile unayotaka kuicheza, kwa bando lile lile mnalorushia. Kisha zimeni kujisasisha kwenyewe. Zimeni na taarifa zinazochomoza pembeni ya skrini, kuna rafiki zenu wanaoandika upuuzi. Kwa gemu za hatua kwa hatua kama Crash Bandicoot, hifadhini mchezo kwenye hatua tatu tofauti, ili mkichelewa mruke mbele na mkiwahi mrudi nyuma. Halafu rekodini dakika 10 za kila gemu bila kurusha, mwangalie kwenye simu na kusikiliza kwa spika ya simu, siyo spika kubwa ya kibandani. Sauti ya gemu iwe chini ya sauti ya mtu kiasi kwamba mnaona kama imezidi kuwa ndogo. Hapo ndipo penyewe. Maikrofoni moja iwe ya wachezaji, ya pili ielekezwe benchi. Ile ya benchi ndiyo muhimu zaidi.

Bando: mkirusha kwa ubora wa 720 kwa kilobiti 2,500 kwa sekunde, mnatumia zaidi kidogo ya GB 1 kwa saa, karibu GB 27 kwa saa zote 24. Nunueni 35, na laini ya mtandao mwingine iwe tayari kwenye simu ya pili. Pimeni kasi ya kupandisha mkiwa hapo hapo kibandani saa 2 usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni. Kipimo cha asubuhi ni cha uongo.

Umeme: PS4, runinga, kompyuta na feni ni kama wati 250 hadi 300, basi uniti 6 au 7 kwa siku nzima. Ni fedha ndogo. Lakini mimi LUKU imewahi kuniishia saa 9 usiku katikati ya fainali, na mwenye mita kalala. Na joto hili la Tanga, futeni vumbi kwenye matundu ya PS4 na kuiweka juu ya vipande viwili vya mbao ipumue.

Kuhusu vibali sitasema mengi. Ombeni barua ya uongozi wa shule, mpelekeeni mwenyekiti wa mtaa nakala, na pigeni simu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, muulize kama kurusha kwenu kunahitaji leseni chini ya kanuni za maudhui ya mtandaoni, maana zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu 2018. Michango iingie kwenye namba moja ya mweka hazina ambaye hachezi. Akisoma muamala hewani asome jina la kwanza na kiasi, namba ya mtu asiitaje, na simu isionekane kwenye kamera.

Zilizobaki, baada ya kupima na saa: Tekken 7, PES ya PS2, mpira wa PS4, mbio za Crash Team Racing, Crash Bandicoot, Rayman Legends, Overcooked, Tetris na basi. Tisa. Ile ya kumi, ya mieleka, ilikuwa inachukua dakika 6 kupakia kabla hata mtu hajapanda ulingoni, imejiondoa yenyewe. Overcooked najua hamuijui vizuri, ni ya kupika, wanne jikoni moja wanagongana na sufuria. Ichezeni saa ya chakula cha mchana bila mazoezi kabisa. Mama ntilie wa jirani mwalikeni ashike pedi moja.

Pedi ya kuvuta kushoto msiitupe, wala msiitengeneze. Iwekeni mezani mahali inapoonekana na kamera, ifungeni utepe mwekundu. Atakayechanga 5,000 anamtaja mchezaji wa kuishika kwa dakika 5, awe Coastal au Sports.